Benchi la Mlangoni

Mudzipela, Bunia, saa kumi za jioni

Dieudo mwanangu,

Kesho utakapofika pale lori la Komanda linapopakia, utakuta benchi limefungwa juu ya mizigo yako. Usimkaripie dereva, hajakosea. Nimelipeleka mimi leo asubuhi kwa pikipiki, limelazwa nyuma yangu kama mgonjwa, na watu wa Mudzipela wamenicheka njia nzima.

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na najua hutarudi mapema, maana kuaga hujui. Basi nimekaa na kalamu. Sitakuandikia juu ya chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala mchungaji kijana asiye na mke anavyopaswa kuangalia sahani zinatoka nyumba gani. Hayo nimekwisha kukuchosha nayo. Nakuandikia kwa ajili ya yale uliyosema Jumapili.

Ulisimama mbele ya kanisa zima umevaa suti ya marehemu baba yako, mikono imekuzidi kidogo, ukasema kwamba haki umefundishwa na mama yako. Ukasema mama hakumpendelea mtu, hata mtoto wa tumbo lake. Watu wakapiga makofi. Mimi niliinama nikajifanya natafuta kitambaa kwenye mkoba. Mwanangu, unakwenda kuchunga kanisa lako la kwanza na umebeba somo hilo kutoka kwangu, na ni somo baya. Ndilo lililomfukuza dada yako.

Hayo yalipotokea wewe ulikuwa Kisangani shuleni. Nilikupigia simu nikakuambia mtoto wa Sifa amefariki, na kwamba Sifa amekasirika akaondoka na mume wake kwenda machimboni. Sikukudanganya sana, ila nilikupa mwisho wa habari nikabaki na mwanzo wake. Miaka miwili sasa nimebaki nao.

Desturi yetu unaijua, lakini niache niieleze kama mtu anayeiona mara ya kwanza, kwa sababu ndivyo ninavyoiona siku hizi. Mtu akianguka dhambini na kanisa likajua, anawekwa chini ya nidhamu. Hashiriki Meza ya Bwana, haimbi kwaya, na anaketi kwenye benchi fupi la mlangoni mpaka atakapotengeneza: asimame, aungame, apokelewe tena. Kupokelewa kwenyewe kunangoja Jumapili ya Meza, na Meza ni mara moja kwa miezi mitatu. Akifa kabla ya siku hiyo, kanisa halimziki. Mchungaji haendi, na akina mama hawavai kikwembe, kile kitenge cha chama, wala hawaimbi. Anazikwa kimya.

Mimi nilikuwa prezida wa akina mama miaka kumi na mmoja. Mtu akifa, walikuja kwangu kuuliza: tunaimba au hatuimbi? Neno langu ndilo lililotembea. Nilijiona nimeshika kitu kizito kwa ajili ya Mungu, na sitakuficha, nilikipenda kile kitu.

Mama Deborah unamfahamu, yule mama mrefu aliyekimbia kutoka upande wa Fataki na watoto wanne, anayeuza maharage karibu na kona. Mume wake hukumkuta. Kwao alikuwa mwalimu wa kwaya. Nyumba zao zilipochomwa wakafika hapa, akaanza kunywa. Tulimweka kwenye benchi kwa ajili ya pombe, akakaa bila kunung'unika. Halafu akaacha. Alikuja kwa wazee akasema ameacha na anataka kutengeneza, wakamwambia vizuri, ungoje Meza. Zilibaki wiki tano. Alifariki zikiwa zimebaki mbili.

Mama Deborah alikuja hapa nyumbani, akakaa pale kwenye kiti chenye mguu uliofungwa waya.

"Mama Prezida," akaniambia, "siye tulifika huku mikono mitupu. Muzee wangu aliimbia batu wengi sana mu kilio. Muje mumuimbie ata wimbo moja."

Nilimwambia pole. Nilimshika mkono, nakumbuka. Kisha nikamwambia sheria ni sheria, na kwamba mume wake hakufika siku ya kupokelewa. Nilisema kwa sauti ya upole kabisa, na ndiyo inayonitia aibu zaidi, kwa sababu upole ule niliuona kuwa ndio huruma yenyewe. Akaondoka. Wakamzika kimya.

Sasa nije kwa Sifa.

Hamisi unamjua kwa jina tu. Ni mchimba dhahabu, ni Mwislamu, na kabla ya lolote alikuja mlangoni kwetu mchana kweupe na wenzake wawili, viatu vimesafishwa. Aliniambia hivi: "Mama, mimi sina kesi na kanisa yenu. Minamutaka Sifa, na minataka kupitia mulango, hapana dirisha." Nilikataa. Wazee nao walikataa, lakini wao walinifuata mimi, kwa hiyo usiwahesabu. Tulipomfungia mlango, tukashangaa amepita dirishani. Sifa akaenda kuishi naye bila ndoa, na wiki iliyofuata mimi mwenyewe nilisimama kwenye kikao cha akina mama nikasema jina la binti yangu kwa ajili ya nidhamu, kabla mtu mwingine hajalisema. Wakanisifu. Wakasema huyu ndiye mama wa imani.

Sifa akakaa kwenye benchi la mlangoni. Hukuwahi kulitazama sana benchi lile, Dieudo. Ni baba yenu aliyelitengeneza. Mabenchi yote ya kanisa ni kazi ya mikono yake, na lile lilikuwa la mwisho. Mbao zilimwishia, likatoka fupi, la watu watatu tu, na mguu mmoja ukapungua akautilia kipande cha mti. Hakujua litakuja kuwekwa kwa kazi gani. Sifa alipokuwa na miaka sita alichora kuku chini ya ubao wake kwa msumari. Baba yenu akamkaripia, kisha akaenda nyuma ya nyumba kucheka peke yake. Juu ya benchi hilo ndipo nilipomketisha, akiwa na mimba, na mvua ikija ilimpiga miguuni.

Alikuja kila Jumapili. Hilo ndilo nililokataa kuliona. Mtu asiyetaka Mungu haji kukaa mlangoni miezi yote ile huku wenzake wa kwaya wakimpita bila kumsalimu.

Mtoto alizaliwa, wakamwita Yusufu, kwa sababu jina hilo liko pande zote mbili. Kanisa halikumweka wakfu, maana mama yake alikuwa chini ya nidhamu. Mimi nilimbeba mara chache, jioni jioni, kama mtu anayeiba. Alikuwa na masikio yako. Alipofika miezi saba, homa ilimshika Jumatatu, na Alhamisi ikamchukua.

Sifa alikuja siku hiyohiyo. Hakuingia ndani, alisimama kizingitini.

"Mama," akasema, "leo sikuombi kama prezida. Niko nakuomba kama mama. Muje mumuimbie mutoto wangu."

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimelitengeneza njia nzima kutoka hospitali, nikitembea na machozi, na niliamini ni jibu la haki. Nikamwambia: "Mama Deborah alikuya kuniomba vile vile. Nikikupatia weye, yeye nitamuambia nini?"

Sifa hakuwa na ile hasira niliyokudanganya nayo kwenye simu.

"Basi ungemupatia na yeye," akasema.

Kisha akaenda.

Nimesoma Biblia tangu nilipojua kusoma, nimeandika kumbukumbu za vikao zaidi ya mia, nimefundisha wasichana wanaojiandaa kwa ndoa. Hakuna mtu aliyenifundisha kitu kikubwa kuliko maneno yale manne ya binti yangu, na siku ile sikuyasikia. Nilidhani haki ni kuwatendea watu wote sawasawa. Nikawatendea wote vibaya sawasawa, nikalala usingizi.

Kaburi lilichimbwa na wachimba dhahabu wenzake Hamisi. Walikuwa mchanganyiko, wengine na kofia za Kiislamu, wengine na rozari shingoni, wote wenye matope kwenye viatu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake wa dini gani ashike sepetu. Akina mama wetu walikuja pia, kwa sababu niliwaruhusu kuja kama majirani, bila kikwembe cha chama. Walisimama pembeni, mikono kifuani, kimya. Hamisi aliomba kwa namna yao, kifupi, sauti ikimkatika. Halafu kukawa hakuna kitu. Unajua kilio chetu kilivyo, mtu anaimbiwa mpaka udongo unaisha. Pale ulisikika udongo peke yake.

Ndipo Mama Deborah akaanza kuimba.

Alikuwa nyuma ya watu wote, na kitambaa chake cha sokoni kichwani. Aliimba kwa lugha ya kwao, wimbo ambao mume wake alikuwa akifundisha kule Fataki. Sauti yake si nzuri, nakuambia kweli, ina mikwaruzo, na alianza juu mno. Aliimba peke yake ubeti wa kwanza, na wa pili. Akina mama hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi. Dieudo, ningefungua mdomo tu, hata bila kujua maneno, wangeimba wote. Walikuwa wanangoja. Nilimwona mmoja ameshavuta pumzi.

Sikufungua mdomo.

Hilo ndilo nililofanya, mwanangu. Mambo mengine nayawekea sheria, wazee, desturi, lakini hili lilikuwa langu peke yangu. Alikuwa mjukuu wangu mle ndani, kwenye kisanduku ambacho mtu mmoja alikibeba kwa mkono mmoja. Mama Deborah aliimba beti zote tano, peke yake, mpaka mwisho.

Baadaye Sifa aliwapa mikono wachimbaji mmoja mmoja. Akamkumbatia Mama Deborah, wakakaa hivyo kwa muda mrefu. Aliponifikia mimi akasema, "Mama, asante ya kufika," kama unavyomwambia mgeni aliyetoka mbali. Siku ya nne wakaondoka. Tangu hapo sijasikia sauti yake. Najua tu kwamba yuko machimboni, upande wa barabara inayopitia Komanda, na kwamba yuko hai.

Ilinichukua miezi kumuuliza Mama Deborah kwa nini alikuja. Nilimkuta anachagua maharage, nikakaa nikachagua naye, kwa sababu ni rahisi kuuliza ukiwa na kazi mikononi. Nikamwambia, "Mama, siye tulikunyima. Juu ya nini ulikuya kuimbia mutoto wangu?"

Hakuinua macho. "Ile kimya minaijua," akasema. "Sikutaka mwengine aisikie."

Nililia pale mbele ya wateja wake. Aliniacha nilie, akanisogezea maharage yangu nisiyaangushe.

Nikaenda kwa wazee nikawaomba waniweke chini ya nidhamu. Walidhani naugua. Katibu akachukua daftari la sheria, akapitisha kidole: uzinzi, ulevi, uchawi, wizi, ndoa ya wake wawili. Akafika mwisho akanitazama juu ya miwani. "Mama, mu règlement hakuna fasi ya ile zambi yako." Alisema kwa masikitiko, maskini, alitaka kunisaidia. Nikawauliza: katika miaka yote hii, tulimketisha lini kwenye benchi lile mtu aliyekula shamba la mjane? Wakati maneno mabaya juu ya majirani yalipokuwa yakisemwa hapahapa uani baada ya ibada, maneno yaliyokwenda mbele na mapanga yakafuata, ni nani tulimwita aungame? Katibu akafunga daftari. Nami sikuwa na haki ya kuwauliza kwa ukali, maana nilikuwa nao siku hizo, nikihesabu nani amebeba mimba.

Basi nikajiketisha mwenyewe. Uliporudi likizo ukanikuta mlangoni, ukaniuliza, nikakuambia napenda hewa. Ukaniuliza kwa nini nimeacha uprezida, nikakuambia uzee. Ulicheka ukasema mama ameanza kustaafu. Nilikuacha ucheke kwa sababu nilikuwa bado naogopa uso wako.

Ukikaa pale, Dieudo, mahubiri unasikia nusu tu, hasa mvua ikipiga mabati. Lakini unaona kitu ambacho kule mbele hakionekani. Unaona wanaofika mpaka getini wakarudi. Kila Jumapili wapo. Miaka kumi na mmoja nilikaa mstari wa mbele nikidhani kanisa limejaa. Siku moja alifika msichana na mtoto mgongoni, akasimama, akarekebisha mbeleko, akageuka. Nilitoka nikamfuata, na nilipomfikia sikujua la kusema. Nikamwambia tu kwamba pale ninapokaa kuna nafasi. Akaja. Jumapili iliyofuata akaja tena.

Na alipokufa mlevi mmoja wa kule bondeni, nilivaa kikwembe changu nikaenda kuimba peke yangu, kwa sauti yangu ya kizee. Mama Deborah akanikuta njiani. Kisha wakaja watatu wengine. Sasa tukienda tunakuwa wengi, ingawa wapo wasiokuja na sisi, na wanapotuona wanageuka upande. Wazee hawajaruhusu wala hawajakataza. Sikuambii kwamba tumekuwa kanisa jema. Nakuambia kwamba hapa mtu hazikwi kimya tena, na kwamba tulichelewa.

Wala sikuambii utupe nidhamu. Komanda ni njia panda, utakutana na kila namna ya mtu: wenye malori, wakimbizi, wachimbaji, na mwanamume anayempiga mke wake Jumamosi na kukuletea sadaka kesho yake. Huyo usimpigie makofi. Lakini kila utakapotaka kumtendea mtu kama ulivyomtendea mwenzake, jiulize kwanza yule mwenzake ulimtendea vyema? Mimi sikujiuliza. Na usije ukamwambia mtu aliyekwisha kurudi kwamba angoje tarehe. Wiki mbili zile za mume wa Mama Deborah bado ninazo shingoni.

Kuhusu benchi, habari ni fupi. Tangu nianze kulikalia, limekosa kazi. Vijana wanaligombania kwa sababu liko karibu na mlango, na hakuna anayeona aibu kukaa alipokaa mama prezida. Mchungaji akaniambia mwezi uliopita, nusu kwa mzaha, "Mama, hii benchi umeisha kuiharibu. Uiondoshe." Nikamshika neno lake kabla halijapoa.

Usiliweke kanisani kwako. Liweke mbele ya nyumba, upande wa barabara, pale malori yanaposimama. Mtu akichoka akae, akiwa na njaa mle chakula pamoja juu yake. Mguu ule mfupi bado una kipande cha mti alichoweka baba yako, usikibadilishe. Na kuku bado yuko chini ya ubao. Nimempangusa vumbi leo asubuhi.

Sifa akipita pale, atalijua hata kabla hajakuona wewe. Hatahitaji kulipindua amtafute kuku. Huenda atapita mara mbili, mara tatu, asikusalimu. Mwache. Usitume mtu kunipigia simu, usiite wazee, usimwombee kwa sauti ili asikie. Wala usimwambie kwamba nalia, hilo halimhusu, nimelitafuta mwenyewe. Akiuliza juu yangu, na kama hataki kuuliza usiseme, mwambie Mama Deborah amenifundisha ule wimbo, beti zote tano, na kwamba kila Alhamisi tunakwenda kwa Yusufu kuuimba. Matamshi yangu ni mabaya. Mama Deborah anasema Fataki wangenicheka.

Nasikia sauti yako kona ya barabara, umewaaga mapema kuliko nilivyodhani. Nitaitia barua hii mfukoni mwa suti, utaiona kesho ukiivaa.

Siku dada yako atakapokaa juu ya benchi lile, mwanangu, usibaki umesimama kama mchungaji. Keti naye. Ni la watu watatu. Nafasi itakayobaki usimpe mtu, ni yangu, siku yeye mwenyewe atakaponiita.

Mama yako